Korosho, ufuta au bustani: kijana wa Mtwara na Lindi aanzie wapi?

Ukikaa barazani jioni, iwe Tandahimba au Ruangwa, hauchukui muda kabla hujasikia mzee akilalamika kwamba vijana wa siku hizi wanakimbia jembe. Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni na siyakubali. Vijana wa kusini wanapiga hesabu. Kijana aliyemwona baba yake akipuliza mikorosho salfa, ile dawa ya unga, mwezi wa sita, akiokota korosho mwezi wa kumi, akipeleka ghalani, halafu akikaa kusubiri malipo huku daftari la madeni dukani limejaa, humwambii tu kwamba kilimo kinalipa akaitikia. Atakuuliza kinamlipa nani, lini, na hela inaingia kwa jina la nani.

Yapo na mengine yanayomvuta au kumfukuza. Shuleni jembe ni adhabu: ukichelewa namba unapimiwa kipande cha kulima. Miaka ya 2012 na 2013, gesi ya Mtwara ilipokuwa gumzo la nchi nzima, wengi waliweka vyeti vyao tayari kwenye bahasha. Bomba likakamilika 2015, kiwanda cha saruji cha Dangote kikafunguliwa Mtwara mwaka huohuo, na kazi zikapatikana kweli, ila hazikufika kila kitongoji. Wengine wakapanda basi kwenda Dar es Salaam, wengine wakaingia kwenye bodaboda, na wengine sasa wanalitazama shamba upya. Ninawaandikia hawa wa mwisho, ambao wameamua kulima au wanakaribia kuamua, lakini hawajui washike lipi kati ya korosho, ufuta na bustani ya mboga.

## Vipimo vya kulinganishia

Ninayalinganisha kwa maswali matano, na yote matatu yanaulizwa yaleyale. Ardhi ni ya nani, na mwenyewe atakuruhusu kufanya nini juu yake? Hela ya kwanza inarudi baada ya muda gani? Unahitaji kuwa na nini mkononi, fedha na nguvu? Nani ananunua, na malipo yanapitia wapi? Na kitu gani kinaweza kukuharibia msimu?

Bei sijaiweka miongoni mwa maswali hayo, na nimefanya hivyo makusudi. Wengi huchagua zao kwa bei ya msimu uliopita, na bei ya msimu uliopita imewaumiza wengi. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazoagiza kutoka nje, bei ya mbaazi huku kwetu iliporomoka, na walioumia zaidi ni wale waliokuwa wameongeza heka kwa sababu ya bei nzuri ya nyuma yake. Bei inabadilika ndani ya mwaka. Ardhi isiyo yako inaweza kubaki si yako miaka ishirini.

## Ardhi

Hapa ndipo penye mzizi wa jambo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwetu mti ni umiliki. Aliyepanda mkorosho ana haki nao hata kama udongo ulio chini yake una mwenyewe. Ndiyo maana ukiazimwa shamba unaambiwa mapema: lima mihogo, lima ufuta, lima kunde, ila mti wa kudumu usipande. Ukipanda umejitangaza, na ugomvi umeanza. Kijana asiye na kipande chake hawezi kuanza na korosho mpya hata akipewa miche ya bure.

Na kuwa na wazazi wenye shamba hakumaanishi kuwa na shamba. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, ukoo ulihesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya mashamba. Siku hizi akina baba wengi huwakatia watoto wao vipande, Waislamu wengi hugawana kwa mirathi ya dini, na serikali ya kijiji nayo ina nafasi yake. Matokeo yake shamba moja linaweza kuwa na madai matatu: mtoto aliyepalilia tangu akiwa darasa la tano, mpwa anayesubiri zamu yake, na mjane anayeishi palepale. Kijana anapoambiwa "hili litakuwa lako", aombe kwa adabu lisemwe mbele ya wazee na liandikwe. Mzee mwenye nia njema hatakasirika ukimwambia, "Baba, naomba tuwaite akina mjomba tukae, nijue mpaka wangu." Hati ya hakimiliki ya kimila inapatikana kupitia kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Sheria hiyohiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Binti asikubali kuambiwa atapata kwa mumewe.

Serikali yenyewe ilipozindua mashamba ya vijana ya programu ya Jenga Kesho Iliyo Bora (BBT) kule Dodoma mwaka 2023, kazi kubwa ya mwanzo ilikuwa kutafuta ardhi na kuisafisha. Hilo linaonyesha kijana anakwama wapi kwanza.

Ipo njia ya pili ya kuingia kwenye korosho, nayo ni kukodi mikorosho iliyokwishakua. Mashamba ya aina hiyo hayakosekani. Watu walipohamishiwa kwenye vijiji miaka ya 1970, wengi waliiacha mikorosho yao mbali na makazi, na hiyo ni sababu mojawapo ya korosho ya nchi kushuka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Mpaka leo wapo wazee wenye mikorosho mingi kuliko nguvu zao. Ukikodi, usikubali msimu mmoja. Mkorosho uliotelekezwa unahitaji kupunguzwa matawi, na faida ya kazi hiyo inaonekana msimu unaofuata, kwa hiyo anayekodi mwaka mmoja humwandalia mwenye shamba mavuno ya bure. Tafuta misimu miwili au mitatu, andikishaneni idadi ya miti, na ijulikane nani analipia palizi na salfa. Wapo pia wanaoweka shamba rehani wakibanwa na ada au ugonjwa. Usijenge maisha yako juu ya dhiki ya jirani. Mpe bei ambayo ungekubali na wewe kupewa.

Ufuta hauna masharti hayo. Unaazimwa au unakodi kwa msimu, unavuna, unamrudishia mwenyewe. Unataka udongo usiotuamisha maji. Kitu cha kuangalia ni pori jipya: huko Liwale, Kilwa na Nachingwea kijana hufyeka kwa jasho lake, na mwaka wa pili mwenye pori anakuja kulima mwenyewe kwa kuwa kazi ngumu imeshafanyika. Patana miaka kabla hujashika panga. Na uliza serikali ya kijiji kama pale si msitu wa hifadhi.

Bustani haihitaji ardhi kubwa, robo heka inakutosha kuanza, lakini lazima iwe na maji. Hapo uwanda wa Makonde unakuwa mgumu. Newala na Tandahimba ziko juu, maji yako chini bondeni, na maji ya kunywa yenyewe yana historia ya taabu. Bustani ni ya wenye mabonde: Lukuledi, Ruvuma, Mbwemkuru, na vijito vinavyoingia humo. Vipande vya bondeni ni vichache na vina wenyewe, kodi yake hupanda kila mtu anapoona umefanikiwa. Kumbuka pia sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka chanzo cha maji, na vijiji vingine vimeanza kulisimamia hilo.

## Muda wa kusubiri hela

Mche wa korosho wa kubebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti bora, huanza kuonyesha mbegu mwaka wa tatu hivi, lakini mavuno ya kusema "haya sasa ni mavuno" yanakuja baadaye. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, heka moja inaingia miche 28. Katikati pana nafasi kubwa, na hiyo ndiyo riziki ya miaka ya kusubiri: kunde, karanga, choroko, mihogo, hata ufuta wenyewe. Ukikodi miti iliyokua, unasubiri kati ya mwezi wa sita na wa kumi na moja.

Ufuta ni miezi mitatu hadi minne. Unapandwa Januari au Februari, unavunwa Mei na Juni, unauzwa kuanzia hapo.

Mboga ni wiki. Mchicha unakatwa ndani ya mwezi, bamia inaanza kuchumwa baada ya miezi miwili hivi, nyanya mitatu.

Ziweke kalenda hizo pamoja uone kitu ambacho vijana wachache hukitumia. Hela ya ufuta inaingia Juni na Julai, na huo ndio wakati mkorosho unachanua na kudai salfa. Mwenye heka mbili za ufuta anaweza kupuliza mikorosho bila kukopa. Asiye nazo, wakati huohuo ndio anaofuatwa na watu wa kangomba, wanaonunua korosho ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya kumkata maini, kwa sababu wanajua hana pa kwenda.

## Mtaji na nguvu

Korosho: gharama kubwa ni kuupambania mti dhidi ya ubwiriunga, ule unga mweupe unaokausha maua. Kipimo kinachofundishwa kwa mti mkubwa ni robo kilo hivi ya salfa ya unga kwa mpulizo mmoja, na mipulizo inaweza kufika mitano, ikipishana wiki mbili au tatu. Kwa miti 28 ni kilo 35. Serikali imekuwa ikitoa salfa kwa ruzuku, na mgawo unakwenda kwa mkulima aliyesajiliwa. Kwa kijana swali ni lilelile la jina: kama daftarini ameandikwa baba, salfa ni ya baba. Unaweza kujisajili kwa shamba ulilokatiwa, na hilo lifanyike kabla ya msimu, sio mwezi wa sita.

Mashine ya kupuliza ni ghali, lakini ni mlango wa kazi nyingine. Wapo vijana wasio na mkorosho hata mmoja wanaopita msimu mzima wakipulizia watu kwa malipo ya mti au ya mfuko. Kazi inaanza alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike na upepo haujaamka. Mashine iko mgongoni, ina kelele na uzito, na salfa inawasha macho kama hujavaa miwani ya kuziba. Saa tatu asubuhi upepo umeanza, mnaweka chini. Kwa asiye na ardhi, hii ni njia ya kuingia kwenye korosho bila kumwomba mtu kipande. Kadhalika kukuza miche ya kubebeshwa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndicho kitovu cha utafiti wa korosho nchini, na ubebeshaji ni ufundi unaojifunzika.

Ufuta: mbegu si nyingi, kilo 2 hivi kwa heka ukipanda kwa mistari. Tumia mbegu ya uhakika. Lindi 2002 na Mtwara 2009 zimetoka hapohapo Naliendele kwa ajili ya udongo wetu. Gharama yako ni nguvu, na nguvu inatakiwa mara mbili. Kwanza palizi ya mapema: ufuta mchanga ni dhaifu, ukiuacha wiki nne kwenye majani hauamki tena vizuri. Pili mavuno, na hapa nawaomba wageni wa zao hili wasikilize vizuri. Vitumba vya chini vikianza kugeuka rangi na majani kupukutika, unakata. Ukichelewa, vitumba vinapasuka vyenyewe na mbegu inamwagika chini, huiokoti tena. Unafunga matita madogo, unayasimamisha yakiegemeana, midomo ya vitumba ikitazama juu, yakauke. Siku ya kukung'uta unatandika turubai, unaligeuza tita juu chini, unalipiga kwa fimbo polepole, na ufuta unamwagika kwa sauti ya mvua nyepesi. Mwenye heka tatu bila watu wa kumsaidia wiki hiyo atapoteza heka moja. Lima unachoweza kuvuna.

Bustani: mbegu, mbolea, dawa na kifaa cha maji. Wengi huanza na ndoo, kisha pampu ya kukanyaga, kisha ya petroli au ya jua. Inawezekana kuanza kidogo kabisa, tuta tatu za mchicha. Kinachowashinda wengi ni kila siku. Mboga haina Ijumaa wala Jumapili wala msiba. Anayetaka kulima huku akifanya bodaboda mjini atakuta bamia imekomaa mpaka imekuwa mti.

## Soko na malipo

Korosho na ufuta vinapita njia moja: unapeleka AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa mazao, inakwenda ghalani, inauzwa mnadani, na hela inaingia benki. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulianza na korosho msimu wa 2007/08. Vyama vikuu mnavijua: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao. Uzuri wake ni kwamba mkulima wa kilo 50 na wa tani 5 wanauza kwenye mnada mmoja. Ugumu ni kusubiri, na pia makato. Bei inayotangazwa mnadani haiji yote mkononi. Yapo ya halmashauri, ya chama, ya ghala na ya usafiri, na kijana anapopiga hesabu ya faida aanze na kile kinachobaki baada ya hayo. Uliza AMCOS yako wakusomee makato ya msimu uliopita mstari kwa mstari. Ni haki ya mwanachama.

Kuingia AMCOS kama mwanachama, na kuhudhuria mikutano yake, ni jambo ambalo vijana wanalipuuza kuliko yote. Wanaacha viti kwa wazee, kisha wanalalamika kwamba wazee ndio wanaoamua. Ukiwa na akaunti yako ya benki na namba yako kwenye daftari la chama, kilo zako zinahesabika kwako. Ukipeleka kwa jina la mjomba, hela inaingia kwa mjomba, na mjomba ana madeni yake.

Kwa korosho lazima pia ujue daraja. Korosho iliyookotwa mara kwa mara, ikaanikwa vizuri juani na kuchambuliwa, inapata daraja la kwanza. Iliyolala chini ya mti ikanyeshewa inakwenda la pili. Hiyo ni tofauti ambayo iko mikononi mwako, haina uhusiano na soko la dunia.

Bustani ni fedha taslimu, siku hiyohiyo, na hakuna makato ya chama wala ya ghala. Ila bei ni ya asubuhi hiyo. Ukifika soko la Masasi au Lindi mjini ukakuta gari la nyanya limeshushwa kutoka mikoa mingine, tenga lako litauzwa kwa bei ya gari hilo au litarudi nyumbani. Wanaofanikiwa hupanda kidogokidogo kwa kupishana wiki, na huwa na wateja wa kudumu: mama ntilie, shule za bweni, hospitali. Mboga za majani zina unafuu, kwa sababu mchicha hausafiri mbali. Nyanya zinasafiri, na kila aliye na lori ni mshindani wako.

## Nini kinaweza kuharibu

Kwa korosho hatari kubwa inakuja kutoka juu, maana wewe huna uwezo juu ya soko la nje. Novemba 2018, bei za wanunuzi zilipokataliwa, serikali iliamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Uhakiki wa wakulima ulifuata ili kuwachuja wa kangomba, na wengine walikaa miezi bila kulipwa. Watoto walikosa ada. Aliyekuwa na korosho peke yake alijifunza kwa uchungu, na aliyekuwa na mihogo na ufuta pembeni alipumua. Moto wa kiangazi nao ni adui: mtu anawinda panya au anasafisha shamba lake, na mikorosho yako ya miaka minne inakwisha mchana mmoja. Kata njia ya kuzuia moto kila mwaka.

Kwa ufuta ni mvua. Kuna kile kiangazi kifupi cha Februari. Kikirefuka mbegu haioti, na mvua ikizidi maji yanatuama na mizizi inaoza. Maeneo ya pembezoni yana tembo, hasa Liwale na Nachingwea, na tangu wafugaji walipoanza kuhamia Lindi kwa wingi kutoka bonde la Ihefu, mkoani Mbeya, mnamo 2006 kumekuwa na mashamba yanayokanyagwa na ng'ombe. Msimu mmoja mbaya unaumiza, lakini hasara yako ni ya miezi minne.

Kwa bustani ni wadudu na bei. Anayelima nyanya lazima amjue kantangaze, mdudu aliyeingia nchini 2014 na anayeweza kumaliza shamba ndani ya wiki. Dawa zinapigwa ovyo, wengine wakivuna kesho yake. Sipendi hilo hata kidogo, kwa sababu nyanya hizo zinaliwa na watoto wetu. Soma kwenye chupa siku za kusubiri, uzifuate.

## Kila moja inamfaa nani

Korosho inamfaa kijana mwenye kipande kinachojulikana kuwa chake, anayefikiria kubaki kijijini au walau kuwa na mtu wa kumwangalizia, na ambaye ana njia nyingine ya kula kwa miaka minne. Inawafaa pia wanaofanya kazi mjini wanaotaka kuwekeza nyumbani, mradi wasimwache mama peke yake na palizi. Ukikodi, inamfaa mwenye fedha kidogo na bidii nyingi.

Ufuta unamfaa anayeanza bila ardhi, mwenye nguvu, mwenye ndugu au kikundi cha kusaidiana wiki ya mavuno. Unamfaa aliyemaliza shule anayesubiri chuo au ajira, kwa kuwa haumfungi. Haumfai anayelima peke yake heka nyingi kwa sababu ya picha aliyoiona kwenye simu.

Bustani inamfaa aliye karibu na maji na barabara, asiyechoka kurudia kazi ileile, na anayehitaji hela ndogo ndogo za mara kwa mara. Nimeona inawashika vizuri akina mama vijana wenye watoto wadogo, kwa sababu shamba liko karibu na nyumbani na hela haipiti kwa mtu.

## Kwa hali yako wewe

Kama una ardhi yenye mpaka unaojulikana lakini huna fedha, panda miche michache kila mwaka wa mvua, 10 au 15, na katikati weka ufuta au kunde. Usisubiri mpaka uwe na fedha ya heka tatu kwa mara moja. Miaka mitano ya kusubiri mtaji ni miaka mitano ambayo miti ingekuwa imekua.

Kama huna ardhi na umri bado unakuruhusu, misimu miwili ya ufuta wa kukodi, ukichanganya na kupulizia watu, inaweza kukupa fedha ya kununua kipande kidogo. Nunua mbele ya serikali ya kijiji. Usinunue kwa mtu mmoja wa ukoo akiwa peke yake, hata akikuapia.

Kama mzazi ana mikorosho mizee na hataki kukukatia, usianze na ugomvi wa ardhi. Mwombe miti 20 uihudumie kwa gharama yako, mgawane mavuno, yako yapelekwe AMCOS kwa jina lako. Msimu mmoja ukimwonyesha tofauti ya kilo, mazungumzo ya kipande yatakuwa mepesi. Na kwa wazazi wanaosoma hapa: mtoto anayepalilia miaka kumi bila kuwa na mti hata mmoja kwa jina lake mnamfukuza wenyewe.

Kama uko bondeni na unadaiwa kila mwezi, anza na bustani. Hili ni la muhimu hasa kwa vikundi vinavyochukua mkopo usio na riba wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya vijana. Kabla ya kusaini, linganisha tarehe za marejesho na tarehe za zao lenu. Marejesho ya kila mwezi yanaendana na mboga. Ukiyabeba kwa korosho, utauza kwa kangomba mwezi wa saba ili ulipe. Zungumzeni na afisa maendeleo mapema, muombe marejesho yafuate msimu, na msichukue mpaka mkubaliane.

Kama uko juu, Newala au Tandahimba, mbali na maji, bustani ya biashara iache kwanza, fanya ya kula nyumbani wakati wa masika. Nguvu zako ziweke kwenye miti na mihogo.

Kama wewe ni binti na shamba ni la mama yako, kaeni naye na akina mjomba sasa, akiwa mzima na ana kauli. Hesabuni miti pamoja, muiandike, na mtendaji wa kijiji agonge muhuri.